Aombaye na Asiyeomba

Kampeni za 2022 ziliufikia mtaa wa Bondeni kama zilivyoifikia mitaa mingine ya Nakuru, jiji changa lililopewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021. Lori la vipaza sauti lilipita likapisha lingine. Mgombea alichomoza kwenye tundu la paa la gari, akasalimia kwa Kiswahili, akageukia Kikuyu, akadokoa Kikalenjin na Kiluo, kisha akafika kwenye ile sentensi ambayo hata watoto wa chekechea waliweza kuimalizia: naombeni kura zenu. Kwa kinyozi zilikuwepo fulana za pande zote. Ya manjano aliivaa kazini, ya buluu alifutia vioo, wala hakuna mteja aliyehangaika kumuuliza yuko upande gani.

Mpiga kura wa miaka 19 aliyesimama pale, kadi ya kura mpya mfukoni, alikuwa amelelewa na watu wasioiamini sentensi hiyo. Nyanya yake, padri wake, ustadhi wa jirani yake, kila mmoja kwa lugha yake, walimfunza kwamba anayeomba kuwatawala wenzake ni mtu wa kutazamwa mara mbili. Mafunzo hayo ni mazuri, na nitayapa haki yake. Lakini naona kampeni, pamoja na uchafu wake wote, ina kitu kimoja ambacho hekima hiyo ya kale haina.

Tuanze kanisani. Sura ya tisa ya Kitabu cha Waamuzi ina kisa cha miti iliyotaka mfalme. Mzeituni ukaombwa, ukakataa kuacha mafuta yake. Mtini ukakataa kuacha utamu wake, mzabibu ukakataa kuacha divai yake. Mwisho ukaombwa mti wa miiba, nao ukakubali pale pale, ukawakaribisha wote chini ya kivuli chake na kutisha kwamba wasiokuja watateketezwa kwa moto. Kisa hiki huhubiriwa sana, ila wahubiri wengi hukitoa mahali pake. Yothamu aliyekisimulia alikuwa amesimama juu ya mlima Gerizimu akiwapigia kelele watu wa Shekemu, tayari kukimbia, kwa sababu nduguye Abimeleki alikuwa ametoka tu kuwaua ndugu zao sabini. Na Abimeleki alipataje ufalme? Alikwenda kwa wajomba zake, ukoo wa mama yake, akawaambia wawakumbushe watu kwamba yeye ni damu yao. Wakamchangia vipande sabini vya fedha kutoka hekaluni. Kwa fedha hizo akakodi vijana wasio na kazi, wakamfuata.

Mtu wetu, pesa, vijana wa kukodiwa. Aliyekulia Nakuru hahitaji mfasiri wa maandiko hapa. Mtoto wa Bondeni aliyepiga kura yake ya kwanza 2022 alikuwa na umri wa miaka minne au mitano machafuko ya baada ya uchaguzi yalipoingia mjini humo mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa wakimbizi wa ndani. Tume ya Waki, iliyoyachunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Kwa hiyo anaposikia mgombea akisema kivuli chake kinawatosha wote, anasikiliza pia kama kuna moto nyuma ya maneno.

Msikitini fundisho ni fupi na kali zaidi. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ashari, iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, watu wawili walimwendea Mtume wakitaka madaraka, naye akawajibu kwamba kazi hiyo hapewi anayeiomba wala anayeipapia. Hadithi ya Abdurrahman bin Samura inaongeza sababu: aliyepewa uongozi bila kuuomba husaidiwa, na aliyeuomba huachiwa mzigo wake mwenyewe.

Wamasai, ambao ardhi hii ilikuwa malisho yao kabla ya mkataba wa 1904 kuwahamisha, walikwenda mbali kuliko wote. Katika sherehe ya eunoto, wakati wamorani wanapoanza safari ya kuwa wazee, huteuliwa mmoja kuwa olotuno, kiongozi wa rika katika mambo ya ibada. Hatakiwi kuwa na dosari. Lakini cheo hicho kinaogopwa, kinaaminika kuandamana na mkosi, kwa hiyo mteule hashauriwi: hukamatwa ghafla, na huenda akapambana kujinasua. Hebu fikiria kampeni ya urais ambamo wagombea wanatoroka kupitia madirisha.

Plato, Mgiriki, aliyafikiria hayo pia. Katika kitabu chake juu ya jamhuri anasema watu wema hawakubali kutawala kwa tamaa ya fedha wala sifa. Wanakubali kwa kuogopa adhabu ya kukataa, ambayo ni kutawaliwa na aliye duni kuliko wao. Ukikisoma kisa cha Yothamu baada ya hapo, mzeituni hauonekani tena kuwa mti mnyenyekevu. Ulibaki na mafuta yake, nchi ikaachiwa miiba.

Hapo ndipo naanza kuachana na wazee wangu. Katika mapokeo haya yote, swali la nani aliyeteua halitazamwi sana. Olotuno hukamatwa, lakini yuko aliyeketi akaamua nani akamatwe. Asiyeomba kwa umma aghalabu ameombewa mahali pa faragha, na shukrani zake anazipeleka huko alikoombewa. Siasa za Kenya zina mifano ya kutosha, na mmoja una mizizi hapa hapa kwetu. Daniel arap Moi, ambaye nyumba yake na kaburi lake viko Kabarak, kaunti ya Nakuru, alimteua Uhuru Kenyatta mwaka 2002 awe mrithi wake. Uhuru hakuwa amepigania nafasi hiyo kwa miaka, aliinuliwa mkono. Wapiga kura walimpa Mwai Kibaki takriban asilimia 62. Ingawa tusijidanganye, Kibaki naye alikuwa ameinuliwa mkono, na Raila Odinga, kwa neno moja la "tosha" katika bustani ya Uhuru Park mwezi Oktoba mwaka huo. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Desemba 2012, Uhuru na William Ruto walikuja uwanja wa Afraha, mjini Nakuru, kutangaza muungano wao, na jamii zao mbili zilizokuwa zimeumizana humu Bonde la Ufa zikaambiwa kuwa zimepatana. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Uhuru kumwinua Raila, na kaunti ya Nakuru ikampa Ruto kura nyingi zaidi.

Kijana huwa hayupo chumbani mambo hayo yanapopangwa. Wala msichana, katika baraza la wazee wa kabila lolote ninalolijua katika bonde hili.

Sasa tuwatazame waombaji. Warumi wa kale waliufanya uombaji huo kuwa fani kamili. Mgombea alitembea sokoni na vazi lililong'arishwa kwa chokaa, akishika mikono ya watu, nyuma yake mtumwa akimnong'oneza majina ya wanaokuja mbele. Upo waraka wa mwaka 64 kabla ya Kristo, unaohusishwa na Quintus, nduguye Cicero, wenye ushauri wa kampeni. Unasema kwa utulivu wa kutisha kwamba ni heri kumwahidi mtu kuliko kumkatalia, kwa kuwa ahadi nyingi hazidaiwi hata kidogo, na anayekataliwa hukasirika papo hapo. Mtumwa yule bado yupo. Siku hizi ana simu mbili, anasimama begani kwa mheshimiwa, na ndiye anayemnong'oneza kwamba mzee yule mwenye kofia alifiwa wiki iliyopita.

Tofauti kubwa kati ya mpiga kura wa leo na babu yake iko kwenye kituo cha kura. Katika mlolongo wa 1988, wanachama wa chama tawala, KANU, walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, chifu akitazama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Aliyepokea sukari jana yake alilazimika kuonekana amesimama wapi. Kura ya siri imeivunja kamba hiyo. Kijana anakula kwa mmoja, anapigia mwingine, na mwombaji hana njia ya kujua. Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi nauita uhuru mdogo wa maskini, japo sipendi bei yake, maana aliyegawa noti za mia mbili atazirudisha kwa njia nyingine.

Msikiti na kanisa vina kisa kimoja kinacholipasua somo lao wenyewe, nacho ni cha Yusufu. Kwa kuwa Bondeni Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, watoto hukisikia kwa namna mbili bila kugundua tofauti. Katika Mwanzo 41, Yusufu anamfasiria Farao ndoto, kisha anashauri: atafutwe mtu mwenye akili na hekima, ichukuliwe sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, iwekwe akiba. Hajitaji. Farao ndiye anayesema hakuna mwingine ila wewe. Katika Qur'ani, sura ya 12, Yusufu anafungua kinywa mwenyewe: anaomba akabidhiwe hazina za nchi, na kueleza sababu, kwamba yeye ni mtunzaji na mjuzi. Nabii anaomba cheo waziwazi. Wanazuoni wamejadili sana jinsi ombi hilo linavyopatana na hadithi ya Abu Musa, na wengi wamesema kwamba mwenye uwezo anaruhusiwa kujitokeza pale ambapo kujificha kwake kutawaangamiza watu.

Ninachokipenda mimi ni umbo la ombi lenyewe. Yusufu hakuomba apendwe. Hakusema yeye ni mtoto wa maskini, ingawa alikuwa ametoka jela, wala hakutaja kabila lake. Alitaja ghala. Alitaja sifa mbili zinazohusu ghala, utunzaji na ujuzi, na mpango wake ulikwisha kuwa mezani, una miaka na una hesabu. Ombi la namna hiyo linaweza kudaiwa.

Basi tulipeleke ombi hilo kwenye duka la Bondeni, Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ikiwa imepita shilingi 200. Serikali iliyokuwa ikiondoka, ambayo ilimuunga mkono Raila, iliishusha bei kwa ruzuku hadi shilingi 100 zikibaki wiki tatu tu kabla ya kura, na ruzuku hiyo haikudumu baada ya uchaguzi. Ruto alishikilia kwamba dawa ni kumpunguzia mkulima gharama, si kumpunguzia mlaji bei. Tuseme ukweli, hoja yake ilikaribia ya Yusufu kuliko ile ya pakiti ya mia. Alipoapishwa Septemba, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Sifa ya ujuzi ikaonekana kutimia. Sifa ya utunzaji ikaanguka mwaka 2024, mbolea bandia ilipowafikia wakulima kupitia mpango huo huo wa ruzuku na maghala ya umma. Aliyempima mgombea kwa sifa moja tu kati ya zile mbili alikuwa amepima nusu.

Na mahali pa kupimia wagombea walipewa, wawili wakapakimbia. Mdahalo wa urais ulipangwa tarehe 26 Julai 2022. Wagombea walikuwa wanne. David Mwaure alisimama peke yake katika awamu ya kwanza kwa sababu George Wajackoyah hakushiriki. Ruto alisimama peke yake katika ya pili kwa sababu Raila alisusia. Wafuasi wa kila upande walikuwa na maelezo yao, na mengine yalikuwa na mantiki. Lakini kwangu, anayeomba kura kwenye paa la gari, mahali ambapo hakuna anayeweza kumuuliza, kisha asije mahali pa kuulizwa, ameomba nusu nusu. Mti wa miiba angalau uliwajibu waliouendea.

Hicho ndicho ninachokiona kwenye kampeni na sikioni kwenye hekima ya wazee. Aombaye amejiweka mahali pa kujibu. Asiyeomba hadaiwi kitu; ukimlaumu atakuambia ninyi ndio mliomfuata nyumbani.

Vijana wa Juni 2024, walioingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Nakuru ikiwemo, walirudi kwa namna yao kwenye mapokeo ya kutoomba. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Kulikuwa na busara ndani yake: asiye na kichwa hakatwi kichwa, wala haalikwi Ikulu kwa chai. Rais aliuondoa mswada tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Wakikuyu walikuwa na desturi iliyofanana na hiyo kwa mbali, ituika, ambamo rika zima lilikabidhiwa nchi na rika lililotangulia, bila mtu mmoja kujitangaza. Lakini ituika ilihitaji kizazi kinachokubali kuondoka, na waliokuwa Bungeni siku ile hawakuonyesha dalili hiyo.

Uchaguzi ujao umepangwa tarehe 10 Agosti 2027. Karatasi ya kura ina majina na picha, haina kisanduku cha rika. Kabla hata jina halijafika kwenye karatasi hiyo, Katiba inamtaka anayewania urais aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hizo ni sahihi 48,000 kwa uchache. Kizazi kisichotaka kiongozi kitahitaji mtu wa kwenda kuziomba, mlango kwa mlango, tena kwa watu ambao hawajawahi kumsikia.