Walimu Waliofika Wawili Wawili



Wapendwa katika Kristo, tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii ya yubile. Historia ya kwaya yetu, tangu waimbaji wa kwanza hadi leo, ina kurasa zake katika kitabu hiki. Katika ukurasa huu tumeona vyema tuandike juu ya jambo lililotugusa sana mwaka huu.

Ndugu yetu wa sauti ya tatu na mke wake wa sauti ya pili, wote walimu, wamepata kazi ya kufundisha ng'ambo. Wataondoka baada ya sherehe hizi. Habari hiyo ilipotangazwa siku ya mazoezi, hatukufurahi sote. Wengine walisema kwaya inabomolewa wakati wa kusherehekea. Wengine wakauliza, watu wawili watafanya nini katika nchi ambayo hata salamu zake hawazijui? Tulipotafuta jibu tulikumbuka kwamba imani yetu ililetwa katika nchi hii na watu wa namna hiyo hiyo. Basi twendeni Rabai, kilomita kama 20 kutoka Mombasa.

Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mke wake, Rosina. Walikuwa wametumwa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza. Hawakuwahi kuzoea nchi wakiwa wawili. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosina alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama na mtoto wakafariki, Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa. Rosina alizikwa upande wa bara, mahali tunapopaita leo Nyali. Kwa hiyo tunapohesabu mwanzo wa kazi ya Injili katika nchi yetu, tunaanza na kaburi la mama na mtoto wake.

Mwaka wa 1846 alikuja Johannes Rebmann, Mjerumani, na wazee wa Rabai wakakubali wageni hao wawili wakae kwao. Wengi wetu shuleni tulisoma kwamba mwaka wa 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Lakini maisha yake zaidi yalikuwa Rabai, si safarini. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma, Mwingereza, katika mji wa Cairo, na mwaka uliofuata wakaja kuishi pamoja Rabai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Rebmann na Emma lilikuwa lugha. Kabla ya kumfundisha mtu chochote ilibidi waketi chini wafundishwe na Warabai jina la kila kitu na jinsi ya kumsalimu mzee. Neno walilosikia leo waliliandika, kesho wakaulizia tena. Sisi tulio walimu tunajua ni vigumu namna gani mwalimu kugeuka mwanafunzi mbele ya watu.

Mavuno hayakuonekana upesi. Waliobatizwa miaka hiyo walikuwa wachache sana. Mwaka wa 1857 Wamaasai walipovamia, mume na mke walilazimika kuihama Rabai kwa muda, kisha wakarudi wakaanza tena. Emma alifariki mwaka wa 1866. Rebmann akabaki peke yake, na macho yake yakaendelea kupotea.

Lakini hata kabla ya kifo cha Emma, Mungu alikuwa ameleta walimu wengine. Mwaka wa 1864 walifika Waafrika kutoka India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakauzwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, kisha wakalelewa na kusomeshwa katika misheni karibu na mji wa Nasik. Ngozi yao ilikuwa kama ya wenyeji, lakini walikuwa wageni kama Emma alivyokuwa mgeni. Walizoea Kihindi na Kiingereza, na desturi za pwani hawakuzijua. Nao pia iliwabidi wajifunze kwanza.

Hao ndio waliosaidia shule na kanisa la Rabai kusimama. Mwaka wa 1875, watumwa waliookolewa walipoanza kupewa makao Freretown, kule ambako kengele yake imeacha jina la Kengeleni, Waafrika waliotoka India walikuwa tayari kuwa walimu na mafundi wao. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi.

Rebmann aliondoka Rabai mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alikuwa kipofu. Aliyemsindikiza safari ile ya Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Mgeni aliyekuja kuwaonyesha watu njia aliongozwa njia na mtoto wa watu wale wale. Rebmann alifariki mwaka wa 1876.

Na ile kazi ya kuandika maneno? Kamusi yake ya lugha ya Malawi, aliyofundishwa na mtumwa aliyetoka huko, ilichapishwa mwaka wa 1877. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, naye alikuwa amefariki mwaka wa 1881. Kamusi ya lugha ya Warabai na jirani zao, kazi ya wote wawili, ilitoka mwaka wa 1887. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu ambayo mwenyewe aliishika mkononi ikiwa kitabu kamili. Waliokuja baada yao ndio waliozitumia.

Wapendwa, jibu tulilolipata ni hilo. Watu wawili katika nchi ngeni wanaweza kufanya mengi, ila si kwa haraka, na si kabla ya kukubali kufundishwa na wenyeji. Pengine matunda wasiyaone wao.

Kwa ndugu yetu na dada yetu wanaosafiri: tunawaachilia kwa moyo mweupe. Msione haya kuuliza majina ya vitu. Siku mtakapohisi hamfai kitu huko, mkumbuke Rabai. Kwa sisi tunaobaki: nafasi mbili zilizo wazi katika sauti ya pili na ya tatu zisiwe za kulilia. Tuwafundishe vijana wetu waingie humo, kama na sisi tulivyoingizwa na waliotutangulia.

Mungu awatangulie, nasi atutunze hadi tukutane tena. Amina.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote