Wauguzi Wangapi? Scutari, Sevastopol, Kariakoo

Wakati wa Vita vya Krimea, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 na wauguzi 38. Hakuna aliyekuwa amehesabu vitanda akapata 38. Hao ndio waliopatikana, basi. Kambi ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa hospitali ilikuwa imejaa wagonjwa na majeruhi, na Februari 1855 vifo vilifikia kilele, wauguzi wakiwa kazini. Vilishuka pale tume ya usafi ilipowasili Machi, ikaanza kuzibua mitaro ya maji machafu. Nightingale mwenyewe, alipokuja kuchora takwimu zake, alionyesha kwamba maradhi ndiyo yaliyoua wengi kuliko majeraha. Muuguzi mmoja zaidi juu ya mtaro ulioziba angesaidia nini?

Upande wa pili wa vita hivyohivyo, kwa Warusi, huko Sevastopol, daktari wa upasuaji Nikolai Pirogov alianzia kwingine: kuna kazi gani humu? Majeruhi aliwachambua mara wanapoletwa: wa kupasuliwa sasa, wa kungoja, wenye vidonda vidogo, na wale ambao padri aliwafaa kuliko daktari. Masista wa huruma, waliotumwa na Elena Pavlovna wa ukoo wa mfalme, nao akawagawa: wa kufunga vidonda, wa dawa, na wa kusimamia stoo na chakula. Hapo mimi niko na Pirogov. Aliyewahi kumuuguza ndugu yake wodini anajua kwamba uji nao unataka mtu wake.

Miaka 60 baadaye Vita Kuu ya Kwanza vilikuja kwetu, Afrika Mashariki. Jeshi la Waingereza lilisonga kusini kuwafuata Wajerumani likitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, na wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa maradhi: kuhara damu, malaria, nimonia. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi, akaula nusu mbichi kwa kukosa kuni, sufuria na muda, tumbo likachafuka. Nightingale alikuwa ameshasomwa, takwimu zilijulikana. Lakini mganga wa jeshi hukadiria watumishi kwa idadi ya wanaotambuliwa kuwa wagonjwa wake, na mpagazi aliandikwa kwenye daftari la usafirishaji, pamoja na mizigo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.