Somo Asilolichagua Mwanafunzi

Kijana wa Kasense, kule Sumbawanga katika nyanda za juu za Ufipa, akipata nafasi ya chuo kikuu huulizwa na wazee anakwenda kusomea nini. Hujibu sheria, au udaktari, au uhandisi. Aghalabu hasemi kwamba liko na somo jingine limngojalo, asilolichagua yeye wala wao. Hilo ndilo nitakalo kulinena, kwa kuwa somo la lazima hutufunulia chuo chamdai nini kijana kabla ya kumpa shahada.

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, somo la ustaarabu wa zama hizi liliwekwa mwaka 1919. Asili yake ni somo la mambo ya vita walilofundishwa vijana walioandaliwa kuwa askari. Amani ilipokuja, walimu waliona yafaa kijana afundishwe na mambo ya amani, atake asitake.

Dar es Salaam mambo yalianza kwa ugomvi. Chuo kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, kikifuata mitihani ya London. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya kujenga taifa, iliyowataka wakae kambini miezi 5, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, pakawa na mkutano wa kuuliza chuo hicho chamtumikia nani. Katika hoja hizo ndimo lilimoota somo la pamoja, ambalo baadaye liliitwa Taaluma za Maendeleo, likapata taasisi yake mwaka 1973.

Columbia ilikuja kumpa kijana vitabu vya wahenga wa Ulaya. Dar es Salaam ilimpa mkulima. Kwa nia, hili la pili lanipendeza zaidi. Lakini mkulima huyo alifundishwa kwa Kiingereza, na mkulima wa jumla hana shamba. Wa Ufipa analo: hufukia nyasi katika vilima vidogo vya udongo, aviitavyo intumba, zikaoza zikarutubisha mazao ya msimu ujao, na mababu zake waliyeyusha chuma katika tanuri refu kuliko mtu. Kijana wa Kasense ameyaona au ameyasikia hayo kabla ya kupanda gari kwenda pwani. Mwenzake wa mjini, waketio benchi moja, hana habari nayo, na somo lile liliwekwa kwa ajili yake hasa.