Sindano ya nyanya, macho ya mjukuu: Historia ya blanketi la viraka Eastlands

Blanketi lililo kitandani mwa binti yangu lina viraka 72, nane kwa tisa. Kipimo chake kilikuwa jalada la daftari la shule. Nyanya alilikata mraba wenye upana wa kiganja chake, akautumia mraba huo huo kupimia kila kitambaa hadi pembe zake zikachakaa. Kiraka cha kaki ni ovaroli ya babu, aliyekuwa mfanyakazi wa karakana ya Reli. Cha kijani ni sketi ya shule ya mama. Cha manjano chenye mstari mweusi ni pindo la leso iliyombeba mjomba wangu wa mwisho. Viraka 71 naweza kuvitaja kimoja kimoja, kilikuwa nguo gani na mwenyewe alikuwa nani. Kimoja kinanishinda: cha samawati chenye madoadoa meupe, safu ya tano kutoka juu.

Tuliishi Makongeni, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, karibu na Barabara ya Jogoo. Enzi hizo blanketi kama hili halikuwa ajabu kwetu wala kwa jirani zetu wa Kaloleni. Historia ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, tumezoea kuisikia kupitia siasa, kandanda na muziki. Ipo nyingine iliyopita kwenye tundu la sindano, na mara nyingi aliyeutunga uzi alikuwa mtoto.

LESO ILIANZA KWA KUUNGANISHWA

Wapo wanaodhani kuunga vitambaa ni ustadi ulioletwa na wake za wamishonari. Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi mwingine. Kiswahili kina neno mfarishi, yaani kitandiko kilichojazwa pamba na kushonwa kikawa kitu kimoja. Godoro nalo ni neno lililovuka bahari kutoka India, na kwa Wagujarati neno la ukoo huo, godadi, ni blanketi la matambara yaliyoshonewa pamoja.

Leso ina kisa kizuri zaidi. Jina lake limetoka kwa Wareno, ambao kwao lenço ni kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeshikana kwenye jora. Walikata vitatu, wakakata vingine vitatu, wakavishona juu na chini wakapata nguo moja pana yenye mapambo ambayo jirani hana. Wafanyabiashara walipoona inavyopendwa, wakaanza kuichapa ikiwa nguo nzima. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa mwaka 1887, ndilo lililovumisha leso za Mali ya Abdulla.

Kwa hiyo mama wa mtaa wa Pumwani aliyembeba mwanawe mgongoni alimfunga kwa nguo iliyozaliwa na viraka, hata kama yeye mwenyewe hakujua.

CHUMBA KIMOJA, WATOTO SITA

Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika jijini. Jirani yake ni Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1926 ilianzishwa Pumwani hospitali ya kina mama iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Ndiyo Hospitali ya Pumwani ya leo, ambako vizazi kadhaa vya watu wa Eastlands vilitolea kilio cha kwanza.

Hata hivyo, serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika wa mjini awe kibarua tu. Kuwa baba wa familia kulimhusu huko kijijini kwake. Vyumba vingi vya mitaa ya mwanzo vilipangiwa wanaume waliotazamiwa kuishi kikapera, na mshahara ulipimwa kwa tumbo moja. Ni mwaka 1954 ambapo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza mfanyakazi alipwe kiasi cha kumtosha yeye na familia. Katika muongo huo na uliofuata ikajengwa mitaa kama Ofafa, Mbotela, Maringo na Jericho. Mbotela na Ofafa ni majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau.

Mwaka huo huo wa 1954, Aprili 24, wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, na wake na watoto wengi wakarudishwa vijijini. Familia zilitawanyika kama vipande chini ya meza ya fundi, na nyingine hazikuungana tena.

Waliobaki na waliorejea walijikunyata katika chumba kimoja. Pazia lilitenganisha kitanda cha wazazi na sakafu ya watoto, nao watoto walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Baridi ya Julai jijini Nairobi haina huruma kwa sakafu ya saruji. Blanketi lililotoboka katikati halikutupwa. Lilipasuliwa, kingo zake ambazo bado zilikuwa nzima zikawekwa katikati, na yaliyochakaa yakaenda pembeni. Likichoka tena, liliingizwa ndani ya viraka likawa nyama ya blanketi jipya.

DARASA LA SINDANO

Mwaka 1952 lilianzishwa shirika la Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vyake vilifunza upishi, usafi, malezi, kufuma na kushona. Wengi hawakuviamini, maana vilizaliwa chini ya serikali ya kikoloni wakati ambapo ndugu zao walikuwa kizuizini. Uongozi ulibadilika mwaka 1958, Phoebe Asiyo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa shirika hilo. Katika kumbi za jamii za Eastlands pia kulikuwa na mafunzo ya ushonaji, na huko Pumwani, mwaka 1966, kituo cha jamii cha St. John's kilianzisha Maridadi Fabrics, ambako wanawake wa mtaa walichapa vitambaa kwa mkono na kupata riziki.

Kisha sindano ikaingia shuleni kwa lazima. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu pamoja na Sanaa na Ufundi yakawa masomo ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi, wavulana kwa wasichana, na yakatahiniwa katika mtihani wa KCPE. Mwalimu aliagiza kila mmoja aje na kitambaa, uzi na sindano. Wazazi walilalamikia gharama, na walikuwa na haki. Lakini agizo hilo lilituma maelfu ya watoto kwenye kisanduku cha nyanya.

Mimi nilikwenda mwaka 1986, nikiwa darasa la tano. Nilitaka kipande kimoja tu cha kupigia bandi na kukungia upindo, nipate alama zangu. Nyanya alifungua debe la biskuti lililojaa mabaki ya nguo, akanitazama, akasema, "Mama, alama zitaisha. Keti tushone kitu kitakachobaki." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mamake.

Tulianza Jumamosi hiyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga uzi, kwani macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Nilitunga sindano sita, nikazichomeka kwa safu kwenye kitambaa cha kochi ili asinyanyuke kuniita kila mara. Yeye alivaa kastabini kidoleni na kupitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa ili usijifunge mafundo. Nilijifunza kuukunja ukingo wa pamba kwa ukucha hadi ukalala wenyewe bila pasi. Kaka yangu mdogo alipewa kazi ya kupanga rangi sakafuni, na nyanya alikuwa na sharti moja: viraka viwili vya mtu mmoja visikae pamoja. Babu asikae karibu na babu. Kila mtu alipaswa kupakana na wengine.

Safu zikishaungana, tulitandaza shuka kuukuu chini, tukaweka blanketi la zamani katikati na viraka juu, kisha tukapitisha sindano kutoka juu hadi chini, mstari baada ya mstari, ili tabaka hizo tatu zisiachane zikifuliwa. Mkono wangu ulikuwa mbaya. Mishono yangu bado inaonekana, mirefu na imepinda kama njia ya mbuzi, kando ya mishono yake midogo kama punje za mtama. Hakuifumua hata mmoja.

Mdomo wake haukupumzika. Kila kiraka kilichopita mkononi kilikuja na habari zake. Ovaroli ilituletea zamu za usiku za babu, na leso ya manjano ikatuletea asubuhi mjomba alipozaliwa Pumwani wakati mvua kubwa ilikuwa inanyesha. Mambo ambayo hakuna mtu angeketi kumweleza mtoto wa miaka kumi na mmoja niliyapata kwa sababu mikono yetu ilikuwa na shughuli na macho yetu yalitazama chini.

KAKI ILIPOONDOKA

Miaka ya mapema ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa na marobota ya mitumba yakafurika soko la Gikomba. Viwanda vya nguo kama KICOMI cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikaporomoka. Familia ya Eastlands ilipata sweta na blanketi kwa bei ya chini kuliko awali, na hakuna mzazi wa kumlaumu kwa kununua. Lakini nguo zilizoingia nyumbani zilikuwa zimeshavaliwa na watu tusiowajua, na nyingi ni za polista. Kitambaa hicho hakitii ukucha, hurudi kilivyokuwa mara tu unapokiachilia, na chini ya pasi ya moto huyeyuka. Shuleni nako, masomo ya sindano yaliondolewa kwenye mtihani mtaala ulipopunguzwa.

Ustadi haukufa. Leo ukipita kwa mafundi wa Gikomba au Kariokor utaona magunia ya vipande vya kitenge vilivyobaki baada ya kukata gauni. Wapo wanaovinunua kushonea mito, mifuko na mablanketi ya watoto wachanga. Mitaani bado wapo kina mama wanaofuma miraba ya sufu na kuiunganisha iwe shali ya mjukuu anayetarajiwa. Kinachopungua ni mtoto aliyeketi kando.

MTOTO KANDO YA MAMA

Tukitazama mbali tunaona kwamba nafasi ya mtoto huyo ndiyo hubeba kazi yote. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa Goa na Wareno kama watumwa. Wanawake wao hushona blanketi la nguo kuukuu liitwalo kawandi. Huanzia pembeni wakizunguka kuelekea katikati, na hawaliiti kamili mpaka kila pembe ipate vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake ua. Ya watoto hujazwa viraka vidogo vidogo vya rangi kali.

Nchini Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alifiwa na mumewe, naye mwaka 1942 akazikata nguo zake za kazi na kuzishona blanketi la kumkumbukia. Aliyemsaidia kuzipasua alikuwa binti yake, Arlonzia. Miaka sitini baadaye, kazi za kijiji hicho zilipotundikwa katika jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002, ulimwengu ulijua kisa cha nguo zile kwa sababu binti huyo alikuwepo siku ya kuzipasua na aliweza kukisimulia.

Kwetu jambo hili ni la dharura. Nyumba za zamani za Eastlands zinapisha maghorofa. Pangani imepitia hayo mara mbili: kijiji cha kwanza kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamia Pumwani na Shauri Moyo, kisha katika miaka ya karibuni nyumba za mtaa wa baadaye zikaangushwa ili majengo marefu yasimame. Ukuta ukianguka, alama za urefu wa watoto zilizochorwa mlangoni huenda nao. Blanketi hukunjwa na kuhamishwa. Ila litahama na kumbukumbu zake ikiwa tu yupo anayeweza kulisoma.

Ndiyo maana naomba wenye wazee nyumbani wasingoje. Haihitaji cherehani. Jalada la daftari linatosha, na sindano, na shati la baba ambalo halivaliki tena. Mwite mtoto atunge uzi, kisha muulize nyanya kitambaa hiki kilikuwa cha nani.

Binti yangu ana miaka tisa. Usiku huweka kidole kwenye kiraka kimoja na kuuliza, nami namjibu. Wiki iliyopita alifika kwenye kile cha samawati chenye madoadoa meupe. Nilimwambia ukweli. Siku kiliposhonwa, nyanya aliniita kutoka dirishani, nami nikajibu, "Nakuja!" Nilikuwa nje nikicheza mchezo wa kati na wenzangu. Niliporudi jioni safu ya tano ilikuwa imekamilika, na sikuuliza. Mama hakijui. Nyanya alituacha miaka mingi iliyopita.

Binti yangu alikipapasa kwa muda, kisha akashuka kitandani kwenda kuleta debe la biskuti.