Koa wa Wasini na Bwana Kamishna

Ndugu msikilizaji, juzi nilivuka kutoka Shimoni kwenda kisiwa cha Wasini. Nahodha wa mashua akanionyesha mwambani kiumbe mdogo, mweusi mwenye mistari ya manjano. "Huyu haliwi," akasema. Nilipomwambia kwamba kiumbe huyo anaitwa kwa jina la kisiwa chake, alicheka sana.

Ni koa wa baharini, yaani konokono aliyeliacha gamba lake tangu uchanga. Matawi ya kupumulia yako mgongoni, nazo pembe mbili za kichwani ni za kunusia. Kila mmoja ni dume na ni jike pia. Mayai huyataga kama utepe uliozungushwa. Chakula chake ni sifongo, na jamaa zake wengi huihifadhi mwilini sumu ya sifongo hizo. Rangi kali, basi, ni onyo kwa samaki. Ukimtia kwenye spiriti rangi hupotea, kwa hiyo mchunguzi hana budi kuziandika mapema.

Aliyemwandika mwaka 1904, akampa jina la Halgerda wasinensis, ni Sir Charles Eliot. Ndiye yule yule aliyeteuliwa mwaka 1900 kuwa Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo. Makoa wa Unguja na wa pwani yetu aliwaandikia makala kadhaa, pembe kwa pembe, jino kwa jino.

Mwaka huo huo wa 1904 alijiuzulu. Msidhani aligombana na London kwa kuwatetea Wamaasai, la! Yeye ndiye aliyetaka nyanda za juu ziwe nchi ya wazungu. Ugomvi ulikuwa ni mzungu gani apewe Bonde la Ufa: kampuni moja ilitengewa maili 500 za mraba, naye akakatazwa kuwapa ardhi watu wawili wa kutoka Afrika Kusini. Akaondoka. Agosti mwaka ule ule ukatiwa saini mkataba wa kuwahamisha Wamaasai kutoka bondeni.

Hapo ndipo ninapokwama, msikilizaji. Macho yaliyoona kila mstari wa koa hayakuona boma wala malisho?

Baadaye alikuwa balozi nchini Japani. Alifariki mwaka 1931 akiwa melini, safarini kurudi kwao, na maiti yake ikazikwa baharini.