Nyumba ya Chuma Iliyouzwa Dola Milioni Tano

Wiki hii simu yangu imenionyesha video za nyumba za chuma mpaka nimechoka. Najua na wewe umeziona. Lori linafika, mafundi wanne wanashusha fremu nyembamba, wanafunga skurubu, muziki unakimbia, na kabla video haijaisha familia imeshahamia na sufuria zake. Chini wameandika eti shida ya keja mjini imeisha.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuamini. Halafu nikaanza kusoma historia, nikagundua kwamba video hii si mpya. Babu zetu walionyeshwa ileile, ila hawakuwa na simu.

Tuanzie Niamey, Niger, mwaka 1949. Ufaransa ilikuwa ikitawala huko na ilikuwa na uhaba wa nyumba katika makoloni yake. Jean Prouvé, fundi wa chuma aliyegeuka mbunifu wa majengo, akaja na wazo kali: nyumba itengenezwe kiwandani Ufaransa, ifunguliwe vipande, isafirishwe kwa ndege, kisha iunganishwe ikifika. Fremu ilikuwa ya chuma kilichokunjwa, kuta za alumini, veranda ikizunguka pande zote kuzuia jua, na hewa ya moto ilitokea juu ya paa. Kusema kweli, jamaa alifikiria. Jina lake likawa Maison Tropicale, yaani nyumba ya tropiki.

Unajua zilijengwa ngapi? Tatu. Moja Niamey, mbili Brazzaville mwaka 1951. Gharama haikuwa chini ya nyumba za kawaida za pale, na Wafaransa waliokusudiwa kuzikalia hawakupenda sura yake. Mwafrika wa kawaida hata hakuwa kwenye hesabu. Zikakaa huko miaka hamsini hivi, kisha wafanyabiashara wa vitu vya sanaa wakazing'oa na kuzirudisha Ulaya. Mwaka 2007 moja ikapigwa mnada New York kwa karibu dola milioni 5. Nyumba iliyobuniwa itengenezwe kwa wingi, kwa bei ya chini, imeishia kununuliwa kama mchoro wa ukutani.

Labda utasema hao walikuwa wakoloni, hawakuwa na nia. Basi twende Marekani, ambako nia ilikuwepo na pesa pia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi walirudi nyumbani kwa mamilioni wakakosa pa kuishi. Mhandisi Carl Strandlund akaahidi nyumba za chuma kutoka kiwandani, zikiitwa Lustron. Serikali ikamkopesha zaidi ya dola milioni 30 na akapata kiwanda cha ndege za kivita huko Columbus, Ohio. Kuta, paa, hata kabati, vyote chuma kilichopakwa enameli, kama ile ya vikombe vya chai vya nyanya yako. Hakuna kupaka rangi, na mchwa hana lake. Vipande zaidi ya 3,000 vilipangwa kwenye lori moja, mafundi wanaunganisha kwenye ploti yako.

Walilenga nyumba 100 kwa siku. Hawakufika hata 30. Bei iliyotarajiwa kuwa kama dola 7,000 ikapanda ikapita 10,000, na hiyo ni bila ardhi. Kufikia 1950 kampuni ilikuwa imefilisika, ikiwa imetengeneza nyumba kama 2,500 tu.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza. Chuma hakikuwa na kosa. Nyingi ya nyumba hizo bado zimesimama na watu wanaishi ndani mpaka leo. Shida ilikuwa kila kitu kilichoizunguka nyumba. Wakala alitakiwa kulipia nyumba nzima kabla lori halijaondoka kiwandani. Benki zilisita kumkopesha mnunuzi nyumba ya aina isiyojulikana. Kila mji ulikuwa na sheria zake za ujenzi, na nyingine hazikuitambua nyumba ya chuma. Na ploti ulijitafutia mwenyewe.

Turudi nyumbani, kwa sababu sisi tumeishi na chuma kuliko wote hao. Mabati unayoyajua yalianza London: Henry Robinson Palmer alisajili ubunifu wa bati la mikunjo mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kulipaka zinki lisishike kutu. Bati ni jepesi, linasafiri, linapigiliwa na yeyote mwenye nyundo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mabati yakaja nayo. Kwa hiyo mji huu umekuwa na chuma cha bei nafuu tangu siku zake za kwanza.

Na chumba cha mabati Kibera au Mukuru bado kina kodi kila mwezi. Bati lenyewe lilishalipa gharama yake zamani. Anayekaa humo, mara nyingi, analipia mahali: kuwa karibu na kazi, kwenye ardhi asiyo na hatimiliki yake, ambapo hata maji ya mtungi ananunua. Ukimletea fremu ya kisasa bila kugusa hayo, umembadilishia ukuta na kodi umeipandisha.

Sisemi chuma kitupwe. Aprili 2016 ghorofa liliporomoka Huruma, likaua watu wapatao 50. Fremu iliyopimwa kiwandani, ambayo kila skurubu inaweza kukaguliwa, ingekuwa afadhali mara mia kuliko zege la kukisia. Ghorofa jepesi linahitaji msingi mdogo, linamalizika haraka, na mkopo wa ujenzi haukai ukila riba. Nataka nyumba hizo zije.

Lakini tangu sheria ya nyumba nafuu ya 2024, asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Hiyo ni pesa ya mzazi wako, na ukipata kazi itakuwa yako. Kwa hiyo mtu akikuonyesha video ya nyumba inayosimama kwa wiki mbili, mpongeze fundi, halafu muulize: ardhi ni ya nani, maji na mabomba ya taka yatatoka wapi, na anayepata elfu ishirini kwa mwezi atalipa ngapi, kwa miaka mingapi? Strandlund aliulizwa maswali hayo akiwa tayari na deni la dola milioni 30. Sisi tuyaulize kabla lori halijafika.