Nyota ya Jaa na Beti za Bibi

Wazee wetu wa Pwani waliita kaskazini jaa na kusini suheli. Yote mawili ni majina ya nyota. Jaa ni ile ya kaskazini ambayo karibu haihami mahali pake. Suheli hung'ara upande wa kusini. Mabaharia wa Kiarabu waliyaleta majina hayo pamoja na bidhaa zao, na elimu yake waliihifadhi katika mashairi.

Shairi kwao lilikuwa kitabu cha masomo. Ahmad bin Majid wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, alitunga mwaka 1462 shairi la zaidi ya beti 1,000 kwa mizani ya rajaz, likifundisha nyota, misimu ya pepo na njia za bahari. Shairi lake jingine, Sufaliya, laeleza njia ya kwenda Sofala kupitia pwani yetu. Usiku wa baharini si wakati wa kufunua vitabu. Aliyehifadhi beti alikuwa nazo kifuani, na neno likidondoka, mizani ilichechemea na msikilizaji akatambua.

Baba yake Bibi alikuwa nahodha wa Suri. Alikwenda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, hata alipooa huko akakaa. Aliwahifadhisha wanawe beti za nyota. Ubeti mmoja wasema kwamba chombo kiendapo kaskazini, Jaa hupanda na Suheli hushuka. Bibi aliusoma tangu utotoni, ilhali Unguja ipo digrii 6 kusini ya Ikweta na Jaa haionekani. Alihifadhi habari ya nyota asiyoiona.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa zetu walitawanyika. Bibi alifika Maskati miaka ya sabini. Usiku wa kwanza alipanda juu ya paa, akaomba aonyeshwe Jaa. Ilikuwa kiasi cha digrii 23 juu ya upeo wa macho. Alinyamaza kitambo, akausoma ubeti ule, kisha akasema, "Baba hakusema uongo."

Miaka mingi baadaye nilifundisha sayansi darasa la nne hapa Maskati. Wanafunzi walikariri kwamba dunia ni mviringo, bila kujali. Siku moja niliwasomea ubeti wa Bibi, nikawaagiza usiku wanyooshe mkono na kuipima Jaa kwa vidole, kama mabaharia walivyopima kwa isbaa, yaani upana wa kidole. Kesho yake niliuliza: kwa nini Bibi hakuiona Unguja? Mtoto mmoja alichora mpira, akamweka mtu upande wa chini, akasema, "Ardhi imemkinga." Sikuwa na la kuongeza.

Ubeti haukutaja sababu. Ulitunza kwa uaminifu kilichoonekana, ukamwachia mtoto kazi ya kuuliza.

Ndugu zangu, katika beti alizozibeba Bibi, mimi ninazo tatu tu. Nilidhani atakuwapo daima, sikuandika. Huenda nyumbani kwenu yupo mzee mwenye beti za kusi, za bamvua au za Kilimia. Mwandikieni leo, kisha wapandisheni watoto juu ya paa wakahakikishe wenyewe.